Penseli Pembeni mwa Ukurasa

Nilianza vibaya. Nilianza hivi:
"Nilizaliwa Kutaisi mwaka hamsini na moja,
baba fundi mitambo, mama mpishi wa shule,"
nikajiona naandika barua ya kuomba kazi
kwa mwajiri aliyekwisha kufa.

Nikafunga daftari, nikavaa koti,
nikapanda kilima hadi maktaba ya mtaa
ambako Eteri huwasha hita moja tu
akaisogeza kwa yeyote anayesoma.
"Nipe watu waliojiandika wenyewe."
"Wepi?"
"Wowote. Hata waongo."

Nikamsoma daktari wa upasuaji:
kurasa arobaini, na bado hajazaliwa,
yuko ananawa mikono, ananawa, ananawa,
nami nimebana pumzi
kana kwamba tumbo lililo mezani ni langu.
Kumbe inaruhusiwa.
Kumbe maisha si lazima yaanzie kwenye cheti.

Nikamsoma mcheza dansi, hodari wa kupiga chuku:
kila mwanamume alimpenda, kila ukumbi ulisimama.
Nilimwamini mahali pamoja tu,
aliposema soksi zake zilinuka.
Nikaandika kiganjani: soksi.

Na mfungwa mmoja, mtu wa "labda".
Labda ilikuwa theluji, labda chokaa ya ukutani.
Hakumbuki, wala hajifanyi kukumbuka,
na sijapata kumwona mtu akisimama wima
juu ya neno jembamba kiasi kile.

Nyumbani nikawajaribu mmoja mmoja
kama mwizi ajaribuvyo funguo.
Siku tatu nilikuwa daktari. Jumapili, mfungwa.
Sauti zao zilinipwaya mabegani.
Paka alinitazama, akaondoka.

Kisha, sijui kwa nini, nikaandika jiko la mafuta ya taa,
ule msimu wa baridi ambao umeme ulikuwa uvumi,
na Tsiala, dada yangu, akikata mkate kwa uzi
kwa sababu kisu tulikuwa tumekiuza.
Mstari ule ukasimama wenyewe, sikuushika mkono.
Nikaenda nao Desemba, nikaenda nao Januari,
kikohozi chake nikakiandika, na maganda ya jozi
tuliyochoma badala ya kuni.
Nilipofika Februari nikaandika:
"Majira ya kuchipua yalipoingia, nilihama."
Funika kombe.
Nikapika chai, nikajisifu.

Wiki iliyofuata Eteri akanipa kitabu
kilichoshonwa mgongo kwa uzi mweusi,
kumbukumbu za mwalimu fulani wa milimani.
Ukurasa wa mia na kumi na mbili, mama yake yu kitandani;
aya inayofuata, mwalimu yuko mjini, ananunua kofia.
Pembeni, kwa penseli, mtu amefoka:
*Mwoga! Na mama je?*

Nikacheka. Nikamwonyesha Eteri.
Kisha nikatazama tena.
Herufi zetu zina mikia,
na mikia ile ilijikunja kushoto
kama nguruwe wa maonyesho,
kama mikia inayotoka mkononi mwangu
tangu darasa la kwanza, hata mwalimu akate tamaa.
Nikageuza hadi kadi ya nyuma.
Jina langu la usichana. Mwaka sabini na nne.
Faini: kopeki mbili.

Ishirini na tatu nilikuwa nayo,
na Tsiala, labda, pembeni yangu akibangua jozi,
akiuliza nacheka nini.
Ni rahisi kumfokea mtu pembeni mwa ukurasa
wakati huna Februari yako.

"Mali ya maktaba hiyo," Eteri akasema,
akaniletea kifutio.
Nikamwambia akirudishe mezani.

Usiku huu daftari liko wazi, chai imepoa.
Nimeufuta mstari wa majira ya kuchipua.
Nimeandika:
Tsiala aliniomba nibaki.
Labda hakuomba, labda alinitazama tu.
Nilikuwa nimekwisha vaa viatu.

Vilikuwa vyake.